Fowili na kona: kwa nini vumbini inakubali halafu kwenye lami inagoma

Siku niliyojua kwamba fowili (gari kuvuta kwa tairi zote nne) siijui nilikuwa Mto wa Mbu, kwenye sheli, mchana kweupe na watu wanaangalia. Nimetoka Engaruka na Land Cruiser mkonga ya mradi, njia nzima ni lile vumbi jepesi kama unga na makorongo mawili matatu yenye mchanga, fowili niliingiza tangu asubuhi nikasahau, na gari inatembea vizuri tu hamna cha kulalamika. Nikapanda lami, bado sawa. Nikafika sheli, nikakunja kona ya kuingia pampu, hapo ndo mambo yakaanza: usukani mzito kama kuna mtu kaushikilia huko chini, gari inavutwa nyuma kama nimesahau hendibreki, tairi ya mbele ikalia kwii, halafu gari nzima ikaruka kidogo, ikatulia, ikaruka tena, yaani mbuzi aliyefungwa kamba mguuni ndo anatembea hivyo. Nikasimama. Navuta ile gia ndogo ya fowili nirudi H2 (kuvuta kwa tairi za nyuma tu), haitoki. Navuta kwa mikono miwili, haitoki.

Mzee mmoja dereva wa Fuso alikuwa pembeni anakunywa chai, akaniambia kijana weka rivasi, usukani uache ulivyokunja, rudi taratibu. Nikarudi kama mita 3 hivi, chini ya gari pakalia tak!, gia ikatoka kwa kidole kimoja. Mzee akaendelea na chai yake, hakunieleza kitu na mi kwa aibu sikuuliza. Ilinichukua muda kuelewa kilichotokea pale, na tangu hapo nimekutana na madereva wengi wazuri tu, wa miaka mingi, ambao kanuni wanaijua (usiingize fowili kwenye lami) ila ukiwauliza kwa nini wanakwambia "inaua gari". Inaiuaje sasa?

Anza na kitu ambacho kila mtu kashakiona. Gari ikikunja kona, tairi za nyuma hazipiti zilipopita za mbele, zinakata ndani. Ndo maana semi inapanda kingo, ndo maana unaingia getini mbele umepita vizuri halafu unasikia mlango wa nyuma unakwaruza nguzo. Ukitaka kuona kwa macho, mwaga maji mengi uwanjani, lowesha tairi zote nne, kunja usukani mpaka mwisho uende taratibu halafu shuka uangalie chini: kuna mistari minne, hamna hata mmoja unaolingana na mwenzake. Tairi ya mbele ya nje imechora duara kubwa kuliko zote, ya nyuma ya ndani imechora dogo kuliko zote. Na kwa sababu zote zimeanza pamoja na kumaliza pamoja, ina maana kila tairi imezunguka kwa spidi yake. Hapo ndo penye mzizi wa kila kitu nitakachosema humu.

Tofauti ya kushoto na kulia ilishatatuliwa zamani, ndo kazi ya difu, lile boksi la gia katikati ya ekseli. Kama tairi za kushoto na kulia zimeachana mita 1.5, ukizunguka duara zima ya nje inatembea mita 9.4 zaidi ya ya ndani, na cha ajabu hiyo namba haibadiliki, uzunguke duara dogo la uwanjani au kubwa la kuzunguka mji mzima, ukifunga duara ni mita 9.4 ile ile. Difu inaruhusu moja ikimbie na nyingine ichelewe huku zote zinapata nguvu. Corolla ya kawaida inaishia hapo, difu moja inatosha.

Shida inakuja ukiwa na ekseli mbili zinazovuta. Mbele ina difu yake, nyuma ina difu yake, halafu katikati kuna transfa inayogawa nguvu kwenye propela shafti mbili (vile vyuma virefu vinavyopeleka nguvu kwenye ekseli). Kwenye magari kama mkonga, Hilux nyingi, na vile vi-Jimny, ile transfa haina difu ndani. Ukiingiza H4 (fowili ya mwendo wa kawaida) inafunga propela ya mbele na ya nyuma pamoja kwa chuma, zinazunguka spidi moja, hamna mjadala. Wakati huo huo tumeshaona kwamba kwenye kona mbele inatembea njia ndefu kuliko nyuma.

Ndefu kiasi gani? Nilipiga hesabu siku moja nikashangaa. Chukua gari yenye mita 3 kutoka ekseli ya mbele mpaka ya nyuma, kunja mpaka ekseli ya mbele katikati yake ichore duara la mita 6 kutoka kitovu. Ya nyuma itachora la mita 5.2 hivi. Duara zima, mbele mita 37.7, nyuma mita 32.7. Mita 5 za tofauti! Tairi ya mkonga ikizunguka mara moja inatembea kama mita 2.5, kwa hiyo tairi za mbele zinataka kuzunguka mara 2 zaidi ya za nyuma, na kama difu ni ya 4.1 (propela inazunguka mara 4.1 tairi ikizunguka mara moja) basi propela ya mbele inataka mizunguko 8 zaidi ya mwenzake, na wewe umeifunga isipate hata mmoja. Kona ya kawaida ya kuingia sheli ni robo duara, propela ya mbele inadai mizunguko 2. Hilo ni deni, na lazima mtu alilipe.

Anayelipa ni ama tairi ama chuma, hamna wa tatu. Tairi inalipa kwa kuteleza kidogo chini. Ikiwa chini ni vumbi au changarawe inateleza sentimita chache hapa, chache pale, deni linaisha kabla halijakua na wewe juu huhisi chochote. Ikiwa chini ni lami kavu tairi imeng'ang'ania, haitaki kuteleza, basi deni linaingia kwenye chuma: shafti zinajikamua kama unavyokamua kanga, gia za ndani ya transfa zinakandamizana, na ndo maana ile gia ndogo haitoki, imebanwa na mkamuo. Mkamuo ukizidi nguvu ya tairi, tairi inaachia ghafla, gari inaruka, inaanza kujikamua upya. Na unaporudi rivasi kwenye kona ile ile bila kunyoosha usukani, unalifungua deni kwa njia ile ile lililoingilia. Mzee wa Fuso alikuwa sahihi kabisa.

Ile hali ya kuvutwa nyuma nayo ina maelezo. Tairi za mbele zinalazimishwa kuzunguka polepole kuliko njia inavyotaka, maana yake zinapiga breki. Za nyuma zinalazimishwa kuzunguka haraka kuliko inavyotakiwa, maana yake zinasukuma. Mbele inafunga breki nyuma inasukuma, na usukani umekunja, sasa gari itataka kwenda wapi? Itataka kunyooka. Kwa hiyo unapoona fowili "inakataa kona", haijaharibika, ndo hivyo ilivyo, imefungwa iende moja kwa moja na wewe unailazimisha igeuke.

Sasa kwa nini kutoka nilipopanda lami mpaka sheli sikuhisi kitu? Kwa sababu kona za barabara kuu ni pana. Kona yenye mita 100 kutoka kitovu, ukiikata robo duara, tofauti ya mbele na nyuma ni sentimita 7 tu, tairi inalipa hapo hapo bila kelele. Kinachoua kimya kimya kwenye lami iliyonyooka ni kingine, tairi zisizolingana. Za mbele zikiwa zimelika kiasi kwamba ni ndogo kwa asilimia 1, kila kilomita moja zinadai mita 10 hata kama hujagusa usukani. Watu wanakwambia "mi nimenyoosha tu hamna kona", kumbe shafti inakamuliwa safari nzima.

Kabla sijasahau, kuna jambo la habu (kile kifungio cha katikati ya tairi kinachoiunganisha na shafti yake) linawachanganya watu sana. Yale magari yenye habu za kuzungusha kwa mkono kwenye tairi za mbele, kufunga habu peke yake hakuingizi fowili. Ukifunga habu ukaacha gia ndogo H2, tairi za mbele zinazungusha shafti zake bure tu, hakuna kilichofungwa na nyuma, kona unakata kama kawaida hata kwenye lami. Kwa hiyo kama uko kwenye safari ya lami kipande, tope kipande, funga habu asubuhi uziache, halafu ingiza na kutoa H4 kwa gia. Ukifanya kinyume, gia H4 habu ziko wazi, unajidanganya, unavuta na tairi za nyuma peke yake na utajua ukishakwama.

Tuje kwenye ardhi zenyewe sasa, maana kila moja ina tabia yake.

Lami iliyolowa ndo inayobishaniwa sana. Mvua inanyesha, mtu anaingiza H4 anasema nipate usalama. Kunyoosha sawa. Kona ya polepole kali, tairi inateleza kulipa deni, sawa, ila hapo ndo pabaya maana tairi ina nguvu moja tu ya kushika chini na inaigawa: kiasi cha kugeuza, kiasi cha kuvuta au kupiga breki. Tairi ya mbele ambayo tayari inatumia nguvu kulipa deni inabakiwa na kidogo cha kugeuza, na kwenye maji hicho kidogo kinaisha mapema, gari inakwenda nje ya kona na usukani umekunja. Mi kwenye lami yenye maji tu naacha H2 na kupunguza mwendo. Lami yenye tope lililoletwa na malori hapo nitaingiza, ila natoa kabla sijaingia kona ya kugeukia.

Barabara ya changarawe ndo nyumbani kwa H4. Pikapu tupu ikiwa H2 kwenye changarawe, ukigusa mafuta mapema kwenye kona makalio yanahama, kila mtu aliyewahi kuendesha Hilux bila mzigo anajua hiyo. Ukiingiza H4 nyuma inatulia, nguvu zimegawanywa, deni linalipwa na kokoto. Lakini utulivu huo unadanganya, watu wanaongeza mwendo, na ukiingia kona na mwendo mkubwa H4 haifanyi makalio yahame, inafanya pua inyooke. Unakunja, gari inaendelea mbele, unakunja zaidi, inaendelea mbele, halafu mtaro. Kukunja zaidi hakusaidii maana tairi ya mbele imeshaisha nguvu. Kinachosaidia ni kuachia mafuta taratibu, kunyoosha usukani kidogo mpaka tairi ishike tena, halafu ndo ukunje. Na breki zote fanya kabla ya kona. Fowili haiongezi breki hata kidogo, kila gari ina breki kwenye tairi nne, hata Vitz.

Kwa wapenzi wa mbio, Safari Rally ya Kenya ilichelewa kutawaliwa na fowili kuliko watu wanavyodhani. Audi Quattro ilishaanza kutikisa rali za Ulaya mwanzoni mwa miaka ya 80, lakini Safari ya 1984, 1985 na 1986 zote zilichukuliwa na Toyota Celica ya kuvuta nyuma tu. Ni 1987 ndo Hannu Mikkola akashinda na Audi 200 Quattro. Fowili peke yake haimshindi dereva anayejua kona.

Mchanga una tabia tofauti kabisa. Deni la mbele na nyuma halina shida humo, mchanga unalipa kila kitu. Shida ya mchanga ni tairi za mbele zenyewe. Ukikunja sana kwenye mchanga laini, tairi ya mbele inakaa kiupande, inageuka koleo, inasukuma ukuta wa mchanga mbele yake, na ukuta huo ni breki. Gari inapoteza mwendo, unaongeza mafuta, za nyuma zinachimba, umekwisha. Kwa hiyo mchangani kona inapangwa mapema na kuwa pana, unakunja kidogo kidogo, na upepo wa tairi umeupunguza kabla ya kuingia. Ukihisi inazama, usikomae, nyoosha usukani kwanza, rudi nyuma kwenye alama zako mwenyewe zilizokwisha kukandamizwa, jaribu tena kwa upana zaidi.

Tope, hasa ule udongo mweusi wa mbugani unaojaa kwenye tairi mpaka zinakuwa kama andazi, lenyewe linakuibia usukani. Ukishaingia kwenye mifereji ya malori, mifereji ndo inaendesha. Unaweza kuwa umekunja kulia kabisa na gari inakwenda mbele kama treni, wewe huna habari maana usukani ni mwepesi, hausemi kitu. Halafu mfereji unaisha au tairi inagusa ukingo mkavu, inashika ghafla, gari inaruka kulia moja kwa moja porini. Dawa ni ya kizamani: toa kichwa dirishani uangalie tairi ya mbele inaelekea wapi. Nimeona madereva wa miaka 20 wanafanya hivyo kila dakika na hawaoni aibu.

Difu loki nayo ielezwe hapa. Difu inagawa nguvu ila ina udhaifu, tairi moja ikiwa hewani au kwenye utelezi, yenyewe inazunguka bure na mwenzake anapata kidogo tu. Loki inafunga kushoto na kulia zizunguke sawa. Ukiifunga ya nyuma, ile mita 9.4 ya juu nayo inakuwa deni, tairi ya ndani na ya nje zinalazimishwa kuzunguka sawa, na gari inataka kunyooka maradufu. Ukiifunga ya mbele, usukani ndo unagoma kabisa. Loki ni ya kutokea shimoni ukiwa umenyooka, ukishatoka ifungue, usikate nayo kona.

Na mawe. Watu wanadhani porini popote ni H4 tu, lakini mwamba mkavu ni kama lami, unashika. Ukiwa L4 (fowili ya gia nzito), usukani umekunja mpaka mwisho, ukakanyaga mafuta kupanda jiwe, jointi ya mbele ndani ya ekseli imekunjwa pembe kali na inabeba nguvu zote zilizozidishwa na gia nzito. Hapo ndo inapovunjika. Unasikia tak tak tak. Nyoosha kidogo ndo ukanyage.

Magari ya fowili ya muda wote ni jambo jingine. Range Rover ya 1970, Defender, Land Cruiser 80 nyingi, Prado nyingi, hizo zina difu ya tatu katikati, ndani ya transfa. Mbele na nyuma zinaruhusiwa kutofautiana, kwa hiyo kwenye lami unakata kona siku nzima hamna neno. Kile kitufe au gia ya kufunga difu ya katikati ukiibonyeza unaigeuza kuwa kama mkonga kwenye H4, na kila nilichosema hapo juu kinarudi. Taa yake ikiwaka kwenye dashibodi na uko lami, izime kwanza ndo uendelee na safari.

Halafu Forester, RAV4, Harrier za fowili, hizi nyingi zinatumia klachi au kifaa chenye mafuta mazito kinachoshika pale mbele na nyuma zikitofautiana sana. Kwenye kona ya kawaida kinaachia, kwenye utelezi kinashika. Kikizeeka au kikiungua kinashika muda wote, na unarudi kule kule kwa mbuzi wa kamba. Ukiwa unanunua ya mkononi, nenda uwanja mkavu wa lami au zege, kunja mpaka mwisho, weka D kama ni otomatiki, achia breki bila kukanyaga mafuta. Inatakiwa ijizungukie yenyewe. Ikisimama au ikivutwa kama ina breki, zungumzia bei upya.

Jirani yangu ana Forester otomatiki ya zamani. Alinunua tairi mbili mpya akafunga mbele, nyuma akaacha zile zilizoisha. Baada ya muda gari ikaanza kushika akiingia getini. Fundi wa kwanza akasema jointi za mbele, zikabadilishwa zote mbili, hela ikaenda, inashika vile vile. Siku hiyo nikamwambia afungue boneti, maana Forester otomatiki za kizazi hicho zina kijisanduku kimeandikwa FWD ambacho ukichomeka fyuzi ndani kinakata nguvu za nyuma. Tukachomeka, taa ya FWD ikawaka kwenye dashibodi, akakunja mpaka mwisho hapo hapo uani, gari ikazunguka laini kabisa bila kukanyaga mafuta. Tukachomoa, ikashika. Tukachomeka tena, laini. Akakaa kimya kidogo, halafu akaniuliza zile jointi za zamani fundi alizipeleka wapi.